Adabu ya Mgeni wa Milimani

Ramani ya milima ya Alps humpotosha anayehesabu kilomita. Kutoka kijiji cha Prato, kaskazini mwa Italia, hadi juu ya pito la Stelvio ni kama kilomita 25 tu. Lakini ndani ya kilomita hizo barabara hupanda zaidi ya mita 1,800 na kujikunja mara 48, hata dereva akiinamisha macho anaiona njia aliyopita imelala chini ya miguu yake. Huko safari hupimwa kwa mita za kupanda, kwa wingi wa kona na kwa saa za mwanga. Anayetoka nchi ya mbali na kutaka kupita kwa pikipiki hana budi kujifunza vipimo hivyo akiwa bado kwao.

Wengi huiona kazi hiyo kuwa karaha inayotangulia raha. Mimi naiona ni ufundi kamili, wenye kanuni na uzuri wake, na naamini uzuri huo unatokana na adabu. Wahenga walituusia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpanga safari hodari hangoji siku ya tatu. Jembe lake amelishika tangu nyumbani.

Ufundi huanzia kwenye majira. Col de l'Iseran ya Ufaransa, yenye mita 2,764, ndilo pito la lami lililo juu kuliko yote katika Alps. Sehemu kubwa ya mwaka limefunikwa na theluji, na kwa kawaida hupitika kuanzia Juni hadi Oktoba. Hata katikati ya Julai theluji inaweza kuanguka huko. Joto nalo hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ukiondoka mji wa Bormio, ulio chini ya Stelvio, kwenye nyuzi 25, utafika juu ya pito hilo, mita 2,757, kwenye nyuzi 15 hivi, na upepo wa mwendo utazidisha baridi mwilini. Alasiri za kiangazi mawingu hujikusanya vileleni na radi hupiga. Kwa hiyo fundi huyapanga mapito makubwa asubuhi, huweka koti la mvua juu kabisa ya mzigo, na alasiri humkuta ameshashuka bondeni.

Zinafuata karatasi. Anayehitaji viza ya Schengen huiomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi atakayoingilia. Maana yake ni kwamba ratiba lazima iive kabla fomu haijajazwa, kwa kuwa usiku mmoja ukihamishwa kutoka Austria kwenda Italia, ubalozi wa kuuendea unaweza kubadilika. Bima ya matibabu ya safari isipungue yuro 30,000. Mkataba wa kukodi pikipiki usomwe mpaka pale unapotaja mipaka ya kuvuka. Uswisi hutoza faranga 40 kwa barabara zake kuu, pikipiki zikiwemo. Ufaransa hudai glavu zenye alama ya ubora, na Austria hutaka kisanduku cha huduma ya kwanza hata kwenye pikipiki.

Sheria hizi si vikwazo vya kumsumbua mgeni. Mwaka 2020 jimbo la Tyrol, Austria, lilipiga marufuku katika njia kadhaa za wilaya ya Reutte pikipiki ambazo sauti yake iliyoandikwa kwenye hati inazidi desibeli 95. Nyuma ya marufuku hiyo kuna watu wanaoishi katika mabonde membamba, ambako mlio wa injini hugonga mwamba na kurudi madirishani kwao. Mgeni anayeisoma sheria hiyo mapema huwa amewasikiliza watu wasiomjua.

Hata barabara zenyewe ni jasho la watu. Ile ya Stelvio ilijengwa kati ya 1820 na 1825 na mhandisi Carlo Donegani, kwa amri ya dola ya Austria iliyotawala Lombardia. Ile ya Grossglockner, Austria, kazi ya Franz Wallack, ilifunguliwa mwaka 1935, baada ya kuwapa ajira watu wengi katika miaka ya dhiki ya uchumi. Anayejua hayo hulipa kiingilio chake kwa moyo mkunjufu.

Ndipo siku moja moja huchorwa. Sisi tuliozoea kuendesha upande wa kushoto tunahitaji siku za mwanzo katika barabara pana za bondeni, macho yakizoea kulia. Mlimani, kona ya kulia ndiyo inayobana, na mazoea ya nyumbani humvuta mtu upande wa wanaokuja. Baadaye tunaweza kuuzunguka mduara wa mapito ya Furka, Grimsel na Susten, unaoanzia Andermatt, Uswisi, wa kama kilomita 120. Kwa hesabu ya haraka ni nusu siku. Fundi huupa siku nzima. Juu ya Furka, mvua inayoangukia magharibi huingia mto Rhône na kuishia bahari ya Mediterania, na ya mashariki hufuata Reuss hadi Rhine na bahari ya Kaskazini. Mahali kama hapo panastahili kusimama na kuzima injini.

Katika barabara hizo pia hupita mabasi ya posta ya rangi ya manjano. Honi yake ya sauti tatu imetoka katika opera ya Rossini iitwayo William Tell, na palipo na kibao cha buluu chenye baragumu la manjano, maelekezo ya dereva wa basi hufuatwa. Mgeni aliyejiandaa akiisikia honi hiyo kabla ya kona, hupunguza mwendo na kumwachia nafasi mwenye njia yake ya kila siku.

Mwisho, ratiba bora ina nafasi wazi. Pito la Gotthard, Uswisi, likifungwa na theluji, lipo handaki la karibu kilomita 17 lililofunguliwa mwaka 1980. Mvua isipokoma, kuna siku iliyoachwa bila kazi ili mtu akae. Ratiba isiyo na upenyo humlazimisha mchovu apande gizani.

Viza inaweza kuombwa miezi sita kabla ya safari. Anayeitamani Julai basi aikunjue ramani Januari, aandike urefu wa kila pito pembeni mwa jina lake, na asome sheria za kila nchi kwa utulivu. Atakuwa ameanza kuwaheshimu wenyeji wake kabla hajawasalimu.