Rangi juu ya Zege la Mpaka: Jinsi Ukuta wa Mühlenstraße Ulivyochorwa Mara Mbili

Katika mtaa wa Mühlenstraße, wilaya ya Friedrichshain iliyokuwa upande wa mashariki wa Berlin, zimebaki mita 1,316 za ukuta uliowahi kuugawa mji huo, na juu ya zege lake, mwaka 1990, wasanii 118 kutoka nchi 21 walichora picha zilizopafanya mahali hapo paitwe East Side Gallery, yaani nyumba ya sanaa isiyo na paa wala mlango. Wageni wengi huitembelea wakiamini kwamba wanatazama rangi ile ile iliyopakwa katika miezi ya kwanza baada ya mpaka kufunguliwa. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ilichorwa upya mwaka 2009, baada ya picha za awali kuondolewa mpaka zege likabaki tupu, na uamuzi huo, ambao baadhi ya wasanii hawakuukubali kamwe, ndio unaostahili kuchambuliwa, kwa kuwa unaugusa kila mji unaotamani kutunza michoro ya ukutani penye mvua na jua, Bukavu ukiwa miongoni mwake.

Ni lazima kwanza kufahamu ni ukuta wa aina gani. Mpaka ulioanza kufungwa usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961 haukuwa ukuta mmoja bali ukanda mzima, wenye ukuta wa nje uliotazama Berlin ya Magharibi, ukuta wa ndani uliotazama raia wa Ujerumani Mashariki, na kati yake ardhi iliyolindwa kwa minara, taa na askari wenye amri ya kufyatua risasi. Ukanda huo uliizunguka Berlin ya Magharibi kwa urefu wa kilomita 155 hivi. Kipande cha Mühlenstraße ni ukuta wa ndani. Kwa kawaida ukuta wa ndani ulijengwa kwa vipande vyepesi zaidi, lakini hapa vilitumika vile vile vizito vya ukuta wa nje, kwa sababu barabara hii ilikuwa njia ya misafara ya wageni wa serikali na watawala walitaka waone kitu nadhifu. Kwa hiyo picha zote mashuhuri zipo upande wa mashariki, upande ambao raia walipita kila siku bila kuthubutu kuugusa.

Nyuma ya ukuta unapita mto Spree, na hapo msomaji wa Bukavu ataelewa upesi kuliko wengine. Mpaka wa Ruzizi, kati ya Kongo na Rwanda, unafuata mkondo wa mto, na ulikubaliwa mwaka 1910 katika mazungumzo ya Brussels ambamo Ujerumani, iliyoitawala Rwanda hadi mwaka 1916, ilikuwa upande mmoja na Ubelgiji upande mwingine. Serikali ya Berlin ilikuwa na mkono wake katika mstari ambao leo mtu huuvuka akitoka Bukavu kwenda Rusizi. Katika Spree, mpaka haukupita katikati. Mto wote, kutoka ukingo hadi ukingo, ulihesabiwa kuwa wa Ujerumani Mashariki, hata mtoto aliyeteleza kutoka ukingo wa magharibi alianguka katika nchi nyingine, na waokoaji wa magharibi walisimama ukingoni bila ruhusa ya kuingia majini. Kati ya mwaka 1966 na 1975 watoto watano walizama hapo, na ndipo, Oktoba 1975, pande mbili zikakubaliana utaratibu wa uokoaji. Ukingo huo wa magharibi, ulioitwa jina la mwanzilishi wa ngome ya biashara ya watumwa katika Ghana ya leo, tangu mwaka 2010 unaitwa jina la May Ayim, mshairi Mjerumani ambaye baba yake alikuwa Mghana. Aliyetembelea picha bila kuzunguka nyuma ya ukuta na kuutazama mto huo hajamaliza ziara yake.

Kipande kimoja cha ukuta kina umbo la herufi L: sehemu iliyosimama ina kimo cha mita 3.6 na upana wa mita 1.2, na mguu wake umelala chini ili uzito wa kipande chenyewe, zaidi ya tani mbili na nusu, ukizuie kisipinduliwe na gari. Umbo hilo halikubuniwa na wanajeshi. Lilitoka katika kilimo, ambako vipande kama hivyo vilitumika kuzuia shehena za malisho na udongo zisimwagike, na jeshi la mpaka likavichukua kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kwa kuwa viwanda tayari vilijua kuvitengeneza. Juu yake lilifungwa bomba la mviringo lenye upana mkubwa kuliko kiganja kinavyoweza kukumbatia, ili anayejaribu kupanda akose pa kushika. Mchoraji basi alipewa uso laini uliopasuliwa na mshono wa wima kila baada ya mita 1.2, na kila picha katika Mühlenstraße, iwe imekusudia au la, imepangwa kulingana na mishono hiyo.

Uchoraji wa ukuta ulikuwapo kabla ya mwaka 1990, lakini upande wa magharibi tu na kwa mbinu nyingine kabisa. Ukuta wa nje ulijengwa hatua chache ndani ya ardhi ya mashariki, hivyo mchoraji aliyesimama mbele yake alikuwa kisheria katika nchi ya kigeni, na askari waliweza kutokea kwenye milango midogo wakamkamata. Thierry Noir, Mfaransa aliyeanza kuchora hapo mwaka 1984, alijiwekea kanuni ya mistari minene na rangi chache ili vichwa vyake vyenye midomo mikubwa vikamilike haraka, na mtindo uliosifiwa baadaye kama chaguo la kisanii ulizaliwa na hofu ya kukamatwa. Keith Haring, Mmarekani, Oktoba 1986 karibu na kituo cha kuvukia mpaka cha Checkpoint Charlie, alichora juu ya uso uliokwisha kupakwa manjano, akiunganisha watu wa rangi nyekundu na nyeusi mikono kwa miguu. Muda si mrefu wengine wakachora juu yake. Rangi haikuhitaji kudumu, kwa kuwa hakuna aliyetazamia idumu.

Wasanii wa mwaka 1990 walikuwa na kitu ambacho Noir hakuwa nacho, yaani muda. Walifanya kazi kwa ruhusa, juu ya viunzi, katika miezi ya mwisho ya nchi iliyokuwa ikitoweka, na nyumba hiyo ikafunguliwa rasmi tarehe 28 Septemba 1990, siku tano kabla ya Ujerumani mbili kuungana. Ndiyo sababu picha zao zinaweza kuwa na vivuli, nyuso na maelezo madogo. Dmitri Vrubel, Mrusi, alichora Leonid Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, na Erich Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, wakibusiana midomoni, akifuata picha iliyopigwa na Régis Bossu mwaka 1979 katika sherehe za miaka 30 ya Ujerumani Mashariki. Birgit Kinder alichora gari dogo la Trabant likiupasua ukuta, namba yake ikiwa tarehe ya 9 Novemba 1989. Muda huo, hata hivyo, haukutumika kuandaa uso wa zege, na hilo halikuwa kosa la mtu yeyote: ukuta ulikuwa ukibomolewa kila mahali, na nani angeweka mpango wa miaka 20 juu ya kitu ambacho mji mzima ulitaka kiondoke?

Uharibifu ulikuja kwa njia kadhaa zilizosaidiana. Zege lina vinyweleo vinavyonyonya maji, na mguu wa umbo la L uliozikwa ardhini huyapandisha maji hayo juu polepole. Rangi ya akriliki, ambayo gundi yake ni aina ya plastiki, hufanya utando unaozuia mvuke. Maji yakitaka kutoka hukwama nyuma ya utando, na majira ya baridi yakifika huganda, hupanuka, na kuisukuma rangi mpaka itoke kama magamba. Ndani zaidi kuna tatizo zito kuliko hilo. Zege jipya lina alkali nyingi, na alkali hiyo huzifunika nondo kwa tabaka jembamba linalozikinga na kutu; lakini kadiri miaka inavyopita, kaboni dioksidi ya hewani hupenya na kuipunguza, mchakato ambao wahandisi huuita ukabonishaji, na unapofika kwenye nondo chuma huanza kushika kutu. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani, na kipande cha picha huanguka pamoja na zege lililokibeba. Kwa hali kama hiyo hakuna ustadi wa kurekebisha rangi utakaofaa kitu, maana kinachoharibika ni ukuta wenyewe. Moshi wa magari ya Mühlenstraße, watu waliobandua vipande vya kupeleka nyumbani, na maelfu ya majina yaliyoandikwa juu ya picha vilimalizia kazi.

Sheria ya urithi ililitambua eneo hilo kuwa kumbukumbu inayolindwa mwaka 1991, na mwaka 2000 sehemu ya picha ilitengenezwa, lakini nondo ziliendelea kuoza. Katika ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2009, kwa gharama ya zaidi ya yuro milioni 2, wahandisi walichagua njia isiyo na huruma: rangi yote iliondolewa kwa mvuke wa moto, zege bovu likachongwa mpaka nondo zikaonekana, nondo zikasafishwa kutu na kupakwa kinga, mashimo yakazibwa kwa mchanganyiko mpya wa saruji, ukuta mzima ukapakwa rangi nyeupe ya msingi, kisha wasanii wale wale wakaitwa kuchora upya picha zao kwa rangi zinazostahimili hali ya hewa. Kila mmoja alipewa yuro 3,000. Vrubel alirudi, Kinder alirudi, na wengi wengine. Baadhi walikataa, wakisema kwamba kuchora tena kwa agizo ni kutengeneza nakala, na kwamba picha ya mwaka 1990 ilikuwa na haki ya kuzeeka. Mgogoro wa haki za msanii ukafika mahakamani.

Hapo ndipo wachambuzi hutofautiana. Waliokataa walikuwa na hoja ya kweli, kwa kuwa mkono wa mtu mwenye umri wa miaka hamsini haupigi mstari sawasawa na mkono wake wa miaka thelathini, na anayelinganisha picha za kamera za mwaka 1990 na hali ya sasa ataona kingo zilizonyooka zaidi, rangi kali zaidi, na hata mabadiliko ambayo wasanii wenyewe waliamua kuyaingiza. Hata hivyo uamuzi wa wahandisi ulikuwa sahihi. Kilicho adimu ni ukuta uliosimama mahali pake, kwenye mstari wake, kando ya mto wake. Ungeachwa upasuke ili kuokoa utando wa rangi, vyote viwili vingepotea. Kinachosikitisha ni kwamba tabaka za awali ziliondolewa bila vipande vya kutosha kubakishwa mahali pake kama ushahidi, angalau dirisha moja dogo la rangi ya mwaka 1990 katika kila picha, jambo ambalo warekebishaji wa michoro ya makanisa hulifanya kama desturi.

Anayetembelea leo afaa aanzie kituo cha Ostbahnhof na kuelekea daraja la Oberbaumbrücke, akitembea karibu na ukuta kadiri anavyoruhusiwa, kwa sababu mengi hayaonekani kwa mbali. Atafute mishono ya wima na kuona jinsi mchoraji alivyoiruka au kuitumia. Atafute tarehe mbili kando ya saini. Atazame pia mapengo: moja, la mita 45 hivi, lilifunguliwa mwaka 2006 ili ukumbi mkubwa wa michezo ulio ng'ambo ya barabara uone mto, na jingine lilileta maandamano ya maelfu ya watu mwaka 2013, wakati jengo refu la makazi lilipokuwa likijengwa ukingoni.

Kwa Bukavu, funzo la kiufundi liko wazi zaidi kuliko mtu angetarajia. Maji hayagandi hapa, kwa hiyo adui mmoja hayupo, lakini mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na katika mji uliojengwa juu ya miteremko, kuta nyingi zinazotamaniwa na wachoraji ni zile zinazoshikilia udongo, kazi ile ile ambayo umbo la L lilibuniwa kuifanya. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka mgongoni mchana na usiku. Mchoro ukipakwa juu yake kwa rangi ya mafuta au ya plastiki utavimba malengelenge ndani ya misimu michache, hata mchoraji awe hodari namna gani. Kabla ya kununua rangi inafaa kuhakikisha matundu ya kutolea maji yapo na hayajazibwa, mfereji wa juu unayapeleka maji pembeni, na ukuta umekauka. Na rangi yenyewe iwe ile inayopitisha mvuke, kama chokaa au rangi ya silikati ambayo hushikamana na saruji badala ya kuifunika kwa utando. Kazi hiyo hugharimu zaidi ya mchoro, na wafadhili hawapendi kuilipia kwa kuwa haionekani siku ya uzinduzi.

Tangu mwaka 2018 ukuta wa Mühlenstraße umo mikononi mwa taasisi ya umma inayosimamia kumbukumbu za Ukuta wa Berlin, na kazi yake kubwa sasa ni kusafisha maandishi ya wapita njia na kufuatilia nyufa. Nondo zitashika kutu tena, maana kinga ya mwaka 2009 inapunguza kasi ya ukabonishaji lakini haiusimamishi. Vrubel alifariki mwaka 2022. Ukarabati mkubwa ujao hautaweza kumwita arudi na brashi yake, wala wengi wa wenzake, kwa hiyo njia iliyotumika mwaka 2009 haitapatikana tena, na watakaorithi kazi hiyo watapaswa kuamua ama kumkabidhi mtu mwingine busu la Brezhnev na Honecker alichore, ama kujifunza kulitengeneza zege kutoka nyuma, upande wa mto, bila kuigusa rangi iliyo mbele.