Kisiki Ndicho Shahidi

Majuzi nilisimama miongoni mwa watu waliokuwa wakimsifu kijana mmoja kwa kuuangusha mkaratusi mkubwa kwa muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja, nami, vumbi lilipotulia na kila mtu akaukimbilia mti, nilikiendea kisiki, nikakiinamia, nikaona ya kutosha kunikasirisha: mkato wa nyuma ulikuwa umepita moja kwa moja hadi kuukuta mkato wa mwelekeo, bawaba, yaani ukanda wa mbao unaoachwa kati ya mikato hiyo ili kuuongoza mti, haikuwapo kabisa, na mti ule uliosifiwa ulikuwa umejiangukia wenyewe upande ulioupenda. Ilikuwa rehema tupu kwamba upande ule haukuwa na mtu.

Sitakawia katika yale ayajuayo kila mwenye akili: kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, suruali ya kuzuia mnyororo, watu kukaa mbali kwa kadiri ya urefu wa mti mara mbili, na njia za kukimbilia zilizofyekwa kwa mshazari kuelekea nyuma kabla injini haijawashwa. Asiyeyatimiza haya si wa kupimwa ustadi. Ni wa kunyang'anywa msumeno.

Ustadi wenyewe umo katika bawaba, nayo ndiyo asiyoitazama mgeni wa kazi hii hata siku moja, kwa kuwa macho yake yamekwisha kutekwa na kishindo. Kwa mti wenye kipenyo cha sentimita 50 nataka kuona bawaba ya sentimita 5, yenye unene ule ule toka ncha hii hadi ile. Maana ikiwa nene upande mmoja, mti huvutwa upande huo, na mkataji aliyeelekeza kusini huusikia mti ukilala mashariki. Nyuzi zake nataka zisimame kwa kimo kilichokaribiana, mithili ya mswaki uliotafunwa vyema. Nikiona nyuzi ndefu zilizong'olewa toka moyo wa gogo, najua bawaba ilizidi unene na mbao bora imeharibiwa. Nikiona upande wa mbali hauna unyuzi hata mmoja, najua ncha ya msumeno ilivuka mpaka mahali mwenyewe asipopaona. Fauka ya hayo, mikato miwili ya mbele inayounda mkato wa mwelekeo sharti ikutane katika mstari mmoja, wala isipitane. Ukipita mmoja huacha ufa, na ufa huo hufumba mti ukingali njiani, na kama mti wenyewe ni mkaratusi ulioegama, shina laweza kupasuka wima, kipande kikaruka nyuma kumtafuta aliyekikata.

Katika mitiki ya Longuza, wilayani Muheza, nilimjua mzee mmoja ambaye hakuanza kazi kabla hajauzunguka mti kimya kimya, akiupima kwa mpini wa shoka. Na mti ulipokwisha kulala hakuutazama, bali alipiga goti kisikini, akapitisha kidole gumba juu ya zile nyuzi, na kidole kikishuka mahali, hakusema na mtu mpaka adhuhuri. Ayari naye ana desturi yake: mti ukishaanguka hukikata kisiki upya, kiasi cha vidole vitatu, akidai anakisawazisha. Mwenye shamba hushukuru, ilhali kilichotupwa vichakani ni ushahidi wote wa kesi. Kwa hiyo kisiki laini kisicho na unyuzi mimi nakihesabu kuwa ungamo.

Katika kukata magogo maneno ni machache. Gogo lililoegemea ncha mbili hubanwa juu na kuvutwa chini. Stadi huanza juu kwa theluthi, akamalizia chini, na msumeno haukwami. Robo ya juu ya ncha ya msumeno isiguse tawi, la sivyo msumeno mzima humrukia mtu usoni. Kisha tazama kinachomwagika: mnyororo ulionolewa hutoa chembe nene, mnyororo butu hutoa unga, na anayetoa unga huku tupa imo mfukoni hana udhuru mbele yangu.

Zamani, watu wawili walipokuwa wakivutana msumeno mrefu kwa mahadhi ya wimbo, haraka haikuwa na nafasi, na kabari ziligongwa taratibu huku sikio likisikiliza mti ukilia. Injini imeliziba sikio hilo. Ndiyo maana nashikilia, pasipo hoja yoyote ninayoweza kuileta barazani, kwamba stadi hasa huzima injini angalau mara moja, kabari zikiwa zimeushika mti, akasikiliza kwanza kabla ya kumalizia mkato. Wapo wanaonicheka kwa hilo, wote wakiwa vijana. Mwenye shamba anayetaka kuniamini nusu tu, na aamini nusu hii: asilipe mpaka akione kisiki kabla hakijaguswa tena, na akikikuta kimefunikwa matawi, ayaondoe mwenyewe.