Kalamu ao suri: nani anafuta kovu?

Kila mara nikisema hapa kwamba ninakula kwa retushi ya foto, hakukosi mmoja wenu wa kuniuliza swali lile lile: "Yaya, ninunue tableti ya kalamu, ao suri inatosha?" Leo ninajibu kwa urefu, juu jibu fupi nimelitoa mara nyingi na halikuwa jibu la kweli. Nilikuwa nasema: nunua kalamu, utakuwa mtaalamu. Kalamu nilinunua. Na kazi mbaya kuliko zote zilizotoka mikononi mwangu, niliifanya na ile kalamu.

Kwa wale wasionijua: niko na lisansi ya agronomia. Nilitafuta kazi ya shamba miaka miwili, barua zangu hazikupata hata majibu ya "hapana". Rafiki mmoja wa mtaa, mwenye studio ndogo hapa Lubumbashi, akanipa meza, kompyuta ya zamani na suri ya waya, yaani kipanya. Kazi ilikuwa foto za ndoa, za kolasio, za pasipoti, na za matanga. Nilidhani nitakaa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa nne.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Suri ni chombo cha zamani kuliko wengi wetu tunavyofikiri: Douglas Engelbart aliionyesha mbele ya watu kule San Francisco mwaka 1968. Inajua mambo mawili tu: umeisukuma upande gani, na umebonyeza ao hukubonyeza. Katikati hakuna kitu. Ukiwa na hasira ao ukiwa na huruma, kwake ni sawasawa.

Kalamu ya tableti inajua jambo la tatu: umekandamiza kwa nguvu gani. Ukigusa kidogo, burashi inaacha rangi nyembamba na hafifu. Ukikandamiza, inakuwa nene na nzito. Tena, pembe ya tableti njo pembe ya ekrani: mkono unakwenda moja kwa moja pale jicho linapotaka, hauinui na kurudisha kama suri inayofika mwisho wa meza. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, inatengeneza kalamu zisizo na betri kabisa. Nguvu yake inatoka ndani ya tableti yenyewe, kwa njia ya sumaku. Na tableti inakula umeme wa kompyuta kupitia waya. Kwa sisi wa umeme wa leo uko, kesho hauko, hiyo si habari ndogo.

Lakini batu wasiwadanganye kwamba kalamu ni kitu kipya katika kazi hii. Wapiga foto wa zamani walifanya retushi na kalamu ya risasi iliyochongwa kali kama sindano, juu ya negativi yenyewe, mwanga ukitokea chini. Kwenye negativi, mkunjo wa uso unaonekana mwepesi. Wao wanaujaza kwa vistari vidogo vidogo vya kalamu, na foto ikitoka, mkunjo umepungua. Kwa hiyo kalamu ilitangulia. Suri njo iliingia katikati.

Photoshop ilitoka mwaka 1990, na wengi wetu tuliijua tukiwa na suri mkononi. Chombo kinafundisha tabia. Kwa kuwa suri haijui kugusa kidogo, mtu anatafuta njia ya haraka: anachagua ngozi yote kwa mara moja, anatia ukungu, anapandisha mwanga, kwisha, lete mwingine. Sisemi kwamba suri haiwezi kazi safi. Unaweza kushusha nguvu ya burashi mpaka asilimia 5 na kupita mara ishirini pale pale. Inawezekana, nimefanya, na kiganja kiliniuma mpaka usiku. Lakini mwenye foto 60 za kolasio mezani, na mafamilia yanangojea kwenye mlango, hawezi kupita mara ishirini kwenye kila paji la uso.

Kwa sisi wa agronomia, jambo hili lina jina. Ni kupulizia dawa shamba nzima kwa sababu ya majani mabaya ya pembe moja. Majani yatakufa, ndiyo. Na vitu vingine vitakufa.

Tembeeni mutazame foto zinazotundikwa kwenye milango ya studio zetu. Paji la uso linang'aa kama sahani. Ngozi haina kitundu hata kimoja. Uso ni mweupe, shingo ni nyeusi, mikono ni ya mtu mwingine. Na kosa kubwa, ambalo wengi hawalioni: kivuli chini ya shavu kimefutwa. Kivuli kile si uchafu. Kinatuambia mfupa uko wapi na mwanga unatoka upande gani. Ukikifuta, uso unakuwa karatasi. Ninakosoa, lakini nyingine kati ya foto zile ni zangu, ninazijua.

Basi nilipopata tableti, ya mkono wa pili, kwa dola 60 nilizoweka miezi mitano, niliamini nimetoka kwenye ugonjwa huo. Wiki mbili za kwanza nilitaka kuiuza: mkono uko mezani, macho yako kwenye ekrani, ni kama kuandika bila kutazama daftari. Wiki ya tatu mkono ukakubali. Kazi ya siku nne nikaimaliza kwa mbili. Nikajiona mfalme.

Njo siku hizo mama mmoja aliingia. Alikuwa na foto moja ndogo ya marehemu bwana yake, imekunjwa katikati, na hakukuwa nyingine. Alitaka ikuzwe, itundikwe siku ya kumaliza matanga. Yule papa alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, na mistari mirefu pembeni ya mdomo.

Nilikaa saa tatu juu ya foto ile. Niliondoa mkunjo wa karatasi, vizuri. Halafu nikaondoa kovu. Halafu mistari. Halafu nikapandisha mwanga wa ngozi, polepole, kwa kugusa tu. Hakuna fasi iliyoonyesha kwamba mtu amepita. Kwa ufundi, sikuwahi kufanya kitu safi namna ile.

Mama alishika foto, akaitazama muda mrefu.

"Papa, huyu ni nani?"

"Ni bwana yenu, mama. Nilimusafisha kidogo."

"Hapana. Bwana yangu alikuwa na alama hapa. Chuma kilimupiga ku kazi, mwaka ule mutoto wetu wa kwanza alizaliwa. Weye ulimuosha mpaka akaisha."

Hakugomba. Hakuomba pesa. Aliomba tu foto yake ndogo, arudi nayo. Nilimwomba aniachie mpaka kesho yake, akakubali bila kunitazama.

Usiku ule nilielewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia nilipokuwa nauliza habari za tableti. Kazi mbaya ya suri inajitangaza: hata mtoto anaona ukungu na shingo nyeusi. Kazi mbaya ya kalamu inajificha. Ina sura ya ukweli. Ni lazima awe mtu aliyelala kando ya ule uso miaka mingi ili aweze kusema: huyu si yeye.

Nikaanza upya kutoka foto ya kwanza. Kabla ya kugusa kalamu niliandika kwenye karatasi vitu viwili nisivyogusa: kovu, mistari. Vilibaki mkunjo wa karatasi na madoa ya vumbi. Mkunjo ulipita kwenye kidevu, katikati ya ndevu, na pale ndipo kalamu ilistahili pesa yangu. Unywele una shina nene na ncha nyembamba. Unaanza kwa kukandamiza, unaachia mkono ukimaliza. Suri ingechora waya, unene ule ule kutoka mwanzo mpaka mwisho. Dakika arobaini, nimemaliza.

Kesho yake mama aliweka kidole juu ya kovu. Akasema, "Aa. Huyu." Akalipa, akaenda.

Fikirini juu ya jembe zuri. Ukimpa mtu asiyejua tofauti ya mharage na jani baya, atamaliza maharage haraka kuliko yule mwenye jembe bovu. Kosa si la jembe. Lakini muuzaji wa jembe hatakuambia.

Ninajua mutajibu: mteja mwenyewe njo anaomba weupe. Ni kweli. Kila wiki ninasikia "munipandishe rangi kidogo". Na jicho hilo halikuzaliwa peke yake. Kwa miaka mingi maabara za foto zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake njo ilikuwa kipimo, na ngozi yetu ilitoka vile inavyoweza kutoka. Tumekua tukitazama foto za namna hiyo. Mimi siwezi kulibadilisha jicho la mji mzima na kalamu moja. Ninachofanya: ninatengeneza foto mbili, ninaziweka kwenye ekrani pamoja na ile ya kwanza, mteja anachagua. Wengine wanachukua nyeupe. Ninawapa, ni uso wao na ni pesa yao. Lakini foto ya marehemu siipandishi rangi tena, hata familia ikiomba bila kufikiri, ninawauliza kwanza. Aliyekufa hawezi kuchagua.

Kama munataka kuona mtu wa hapa kwetu aliyejua kitu cha kuacha, tazameni kazi ya Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, inayoitwa "Mémoire". Alichukua wafanyakazi kutoka foto za kikoloni za zamani, nyeusi na nyeupe, akawasimamisha mbele ya magofu ya Gécamines yenye rangi. Angeweza kuwatia rangi, wakafanana na ukuta ulio nyuma yao. Hakufanya hivyo. Ule mpaka kati ya kijivu na rangi unabaki, na jicho linajikwaa pale kila mara: hawa wa zamani, haya ya leo. Angeufuta ule mpaka, kazi yote ingekufa. Na sijasikia mtu mbele ya foto zile akiuliza kama ni kalamu ao suri.

Sasa jibu lenu, kwa wale wenye haraka. Kama kazi yako ni kukata foto za pasipoti, kupanga mwanga, kunyoosha mistari ya nyumba, kuzunguka kitu kwa nukta na nukta, suri inatosha, tena kwa nukta inashikilia vizuri kuliko kalamu. Kama unashinda siku nzima juu ya ngozi, nywele, ndevu na foto za zamani zilizochanika, kalamu itakuokolea muda na kiganja. Tableti ndogo inatosha kuanza. Usiongeze pesa kwa sababu boksi limeandikwa hatua 8192 za mkandamizo badala ya 2048. Mkono wa mwanafunzi hautaona tofauti. Jipe mwezi mmoja kabla ya kuilaumu.

Lakini usinunue leo. Leo chukua foto ya bibi yako, ya mama ya mama, na suri ile ile uliyo nayo. Andika kwenye karatasi vitu vitatu vya ule uso ambavyo hautagusa. Ukishindwa kuvitaja, weka pesa yako, juu kalamu itakusaidia tu kumfuta bibi kwa uzuri zaidi.