Aza Holmes na Kufuli Langu

Kwenye simu yangu kulikuwa na picha 312 za kufuli. Kufuli moja tu, la mlango wa keja yangu pale Roysambu, limepigwa picha kutoka upande uleule, asubuhi baada ya asubuhi. Nilikuwa nafunga, navuta mara nne, napiga picha, nashuka ngazi. Nikifika stejini nafungua simu kuhakikisha. Halafu akili inauliza: hii ni ya leo ama ya jana? Narudi. Kazini walinizoea kama mtu wa kuchelewa na mimi nilicheka nao, maana kueleza ukweli kungenichukulia muda zaidi ya kule kuchelewa kwenyewe.

Wakati huo ndipo rafiki alinisukumia riwaya ya John Green, Turtles All the Way Down, akaniambia, "Soma hii. Huyu dem ni wewe." Nilikasirika kidogo. Nilimjua Green kwa ile nyingine ya 2012 iliyowaliza wasichana wote wa bweni letu, na sikuwa na haja ya kulizwa tena na Mmarekani.

Nikaisoma kwa siku mbili, nyingi ya kurasa hizo nikiwa ndani ya mathree, jamu ya Thika Road ikinisaidia.

Kwa wale hawajaisoma: ilitoka 2017, na Green mwenyewe amesema hadharani mara nyingi kwamba anaishi na OCD. Msimulizi ni Aza Holmes, msichana wa miaka kumi na sita wa mji wa Indianapolis. Baba yake alishafariki, mama ni mwalimu. Aza anaogopa bakteria mmoja wa tumboni aitwaye C. diff. Kwenye ncha ya kidole chake cha kati ana sugu ambalo hulichimba kwa ukucha hadi lipasuke, kisha anaanza kuogopa kwamba mpasuko umeingiza ugonjwa, basi anautoa uchafu, anapaka sanitaiza, anabadilisha plasta. Dakika chache baadaye swali linarudi: uliosha vizuri? Pembeni kuna bilionea aliyetoroka polisi, zawadi ya dola 100,000 kwa atakayetoa habari zake, na mwanawe Davis ambaye Aza anampenda lakini hawezi kumbusu bila kuwaza mate yake yamebeba nini.

Hiyo stori ya bilionea, kusema kweli, ni ya kupitisha muda. Kuna mtambaazi wa New Zealand ambaye ameandikiwa urithi wote. Sawa. Nilizipitia sehemu hizo haraka kama mtu anayesubiri matangazo yaishe.

Lakini ndani ya kichwa cha Aza! Hapo Green anaandika kama mtu aliyelala humo. Anajua kwamba wazo la OCD haliji kama hofu ya kawaida. Linakuja kama swali la mtu mwenye akili, la kiungwana kabisa, na ubaya wake ni kwamba kila jibu unalolipa linazaa swali lingine dogo zaidi. Ndiyo maana ya kobe wa kwenye jina la kitabu: dunia imekaa juu ya kobe, kobe huyo juu ya kobe mwingine, na ukiuliza wa mwisho amesimama juu ya nini unaambiwa ni kobe tu, chini kabisa. Mazungumzo ya mezani shuleni yanaendelea, marafiki wanacheka, na huku chini sentensi nyingine inatambaa na kumvuta Aza atoke mezani bila kuinuka. Kuna usiku hospitalini ambapo anapigana na sauti hiyo na kushindwa, anakunywa sanitaiza ya ukutani. Nilifunga kitabu. Jamaa wa kando yangu akauliza kama niko sawa. Nikamwambia ni jua.

Kuna jambo lingine nililolisoma kama Mswahili, ambalo Green hangeweza kuliweka. Sisi neno tunalo. Nyumbani Majengo, Mombasa, shangazi yangu alikuwa akitawadha hadi adhana ya sala inayofuata ikaribie. Anaosha mkono, anatilia shaka, anaanza upya. Watu walisema, "Ana wasiwasi," na hawakumaanisha ana mashaka madogo kama tunavyolitumia Nairobi leo, eti nina wasiwasi na mvua. Walimaanisha ule wa Sura ya An-Nas, mnong'ono unaoingia kifuani na kurudi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na humo aliuweka wasiwasi kama ugonjwa wa nafsi wenye mlango wake, mbali na hasira, hofu na huzuni. Akashauri mwenye nao asiachwe akae peke yake. Shangazi tulimwacha bafuni peke yake miaka na miaka, sisi tukigonga mlango na kulalamika kwamba maji yanaisha.

Sasa malalamiko yangu kwa Green.

Aza ana daktari, Dr. Karen Singh. Ni mwerevu, ni mpole, na ofisi yake ni ya kukumbukwa. Wakikaa humo wanazungumza juu ya nafsi: je, Aza ni yeye au ni mawazo yake? Ikiwa inabidi ameze kidonge ili awe yeye, huyo yeye ni nani hasa? Ni maswali matamu. Mwandishi yeyote angependa kuyaandika, na msomaji wa miaka ishirini na mbili kama mimi alipenda kuyapigia mstari. Ila nilipokuja kupata therapi ya kweli, niligundua kwamba kwa mtu wa OCD maswali matamu ni pombe kwa mlevi. Mimi hizo mijadala ya mimi ni nani nilikuwa naifanya bure, usiku, bila daktari.

Tiba inayofahamika kufanya kazi haina utamu huo. Mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1966 huko London, na wazo lake kwa ufupi ni hili: mpeleke mtu kwenye kile anachokiogopa, halafu asifanye ile ibada yake ya kujituliza. Ashike kitasa, asinawe. Akae na hofu hadi mwili uchoke kupiga kengele, kesho arudie. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004 ulifuata watoto na vijana 112 wa miaka 7 hadi 17 wenye OCD. Waliopata tiba ya namna hii pamoja na dawa, zaidi ya nusu walifika mahali ambapo dalili karibu zimeisha. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, chini ya 4 kwa 100. Hizo si namba za miujiza, na wale ambao hawakupona wapo pia, lakini ni tofauti kubwa mno kuiacha nje ya hadithi.

Na Green, naona, ameiacha nje, au angalau hajaipa onyesho zima. Namwelewa. Utaiandikaje? Mimi nilijaribu. Mshauri wa kwanza niliyeenda kwake, sehemu nisiyotaka kuitaja, aliniambia nipunguze simu na nimtegemee Mungu. Nikatoka na risiti na kufuli langu likabaki vilevile. Wa pili, mama mmoja asiye na maneno mengi, alitoza elfu tatu kwa saa na saa ya kwanza nzima tuliandika orodha. Chini kabisa ya orodha: kufunga mlango bila picha. Juu kabisa: kuondoka bila kugusa kufuli mara ya pili na kulala kwa mama Mombasa wiki nzima. Kila kitu kina namba, sifuri hadi kumi, hofu yake.

Siku ya kwanza ya kazi ya nyumbani nilifunga mara moja, nikashuka. Ghorofa ya pili: nane. Getini: tisa. Nikamwona mlinzi, nikataka kumwomba aende aniangalilie, nikakumbuka mama alishanikataza hilo pia, kwamba kumtuma mtu ni kurudi kwa miguu ya kukodi. Stejini: tisa. Ndani ya gari, Roasters: tisa. Muthaiga: saba, nadhani. Nikashuka mjini nikiwa sita na shati limelowa. Hakukuwa na ufunuo wowote. Kesho yake ikaanza tena na nane. Wiki ya tatu nilifika Muthaiga nikawa sikumbuki kujipima, nikashtuka, ikapanda tena. Hiyo ndiyo sinema yote. Nani atainunua?

Bado nafikiri riwaya ingeweza. Kuna waandishi wanaoeleza mtu akilima shamba kurasa ishirini na hatuchoki. Fasihi yetu ya magonjwa ya akili, ya huku na ya kule, inapenda shimo na inapenda mtu aliyekaa ukingoni mwa shimo akisema maneno mazuri. Ngazi haipendi, kwa sababu ngazi ni mbao na misumari. Msomaji wa miaka kumi na saba anabaki akijua vizuri kabisa jinsi kuumwa kunavyofanana, bila kujua kuna kazi inayofanywa na mikono.

Filamu ya 2024, ya mwongozaji Hannah Marks, ina shida hiyohiyo na nyongeza moja. Isabela Merced kama Aza anaigiza kwa shingo na vidole. Unaona wazo limefika kabla hajasema chochote. Lakini kila mara wazo likija tunarushiwa picha za vijidudu vikiogelea, na sauti, na mkato wa haraka, hadi baada ya nusu saa nilishavizoea. Labda hilo ni tiba yenyewe, sijui, ha!

Panapoiinua riwaya juu ya nyingine nyingi ni kwa Daisy. Daisy ni rafiki wa Aza, mcheshi, anafanya kazi Chuck E. Cheese, na anaandika hadithi za mashabiki wa Star Wars. Aza, baada ya miaka ya urafiki, anazisoma kwa mara ya kwanza na kukuta mhusika mmoja msumbufu, mwenye hofu zisizoisha, ambaye kila mtu humo hamtaki. Ni yeye. Wanagombana ndani ya gari, na Daisy anamwaga yote: Aza hajui lolote kuhusu wazazi wake, hajawahi kuuliza wanaishije, hajui kuwa yeye mwenye gari, laptopu na pesa za chuo ni tajiri mbele ya rafiki yake. Gari linagonga. Kwenye buti kulikuwa na simu ya marehemu baba yake, yenye picha zake, na inavunjika.

Sijasoma popote OCD ikishtakiwa hivyo na mtu anayeipenda. Ugonjwa huu unakufanya uwe na shughuli nyingi na nafsi yako hata usione mwenzio ana njaa. Na swali la Daisy ndilo la kwetu. Elfu tatu kwa saa, mara kumi na mbili, niliweza kwa sababu nilikuwa na kazi na dada aliyenikopesha. Kenya sheria ya afya ya akili ilirekebishwa 2022, na kuna majaribio ya kutia moyo: taasisi ya Shamiri ilichapisha 2021 utafiti wa wanafunzi 413 wa sekondari ambapo wasaidizi walikuwa vijana waliomaliza shule juzijuzi tu, vikao vinne kwa kikundi, na dalili za sonona na mashaka zilipungua. Sio kazi ya OCD, hiyo inataka mtu aliyefunzwa hasa. Ila inaonyesha mlango si lazima uwe wa bei ya Westlands.

Tena huku kwetu ugonjwa unapewa zawadi. Kidato cha pili nilikuwa nachana ukurasa mzima herufi moja ikipinda, naandika upya usiku kwa tochi, na daftari langu likazungushwa darasani kama mfano. Nikawa namba moja, nikapigiwa makofi paredi. Hakuna aliyeuliza nililala saa ngapi. Watafiti Thomas Curran na Andrew Hill walilinganisha wanafunzi wa vyuo wa Marekani, Kanada na Uingereza kutoka 1989 hadi 2016 na kukuta kila kizazi kinajidai ukamilifu zaidi ya kilichotangulia. Wangekuja wakati wa matokeo ya KCSE, waone watoto wakibebwa mabegani na wengine wamezima simu.

Mwisho wa riwaya Green hamponyi Aza, na kwa hilo namheshimu. Aza mkubwa anatuambia kwamba ataumwa tena, atapata nafuu tena, atapendwa katikati ya hayo yote.

Kitabu nilimpa binamu yangu, yuko Form Three, madaftari yake ni masafi kupita kiasi na ndiyo sababu nilimpa. Alikirudisha likizo. Nikamuuliza ameonaje, nikitegemea aseme kitu kuhusu Aza. Akasema Daisy alikuwa na haki ya kukasirika, lakini angengoja kwanza gari lisimame. Halafu akaniuliza, kama hataki sana jibu, huyo mama wa orodha anapatikana siku gani.