Simoni Hakuulizwa Kama Ana Imani
Niseme mapema: siendi Misa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 750,000 wasio na dini, na mimi najiweka humo. Lakini Ijumaa Kuu ikikaribia mamangu hunipigia simu, nami naabiri matatu hadi Kitale, kisha boda hadi Ndalu, kutazama Njia ya Msalaba.

Kama mchezo wa kuigiza, una makosa kibao. Pilato anasoma maneno yake kwenye simu. Askari wa Roma wamevaa gambuti. Akina mama, ambao ndio walioshona mavazi yote, wanapewa kazi ya kulia tu. Na kila kituo kinafuatwa na mahubiri marefu, ni kama waandalizi hawauamini mchezo wao wenyewe. Ukishaona mtu akianguka topeni chini ya gogo zito, unahitaji kuelezwa nini tena?

Lakini hapa kuna kitu ambacho kumbi za Nairobi, na taa zake zote, hazinipi: hakuna viti. Umati ni mhusika. Tunatembea na mshtakiwa, tunapita vibanda vya M-Pesa na mashamba yaliyotoka kupandwa mahindi. Pilato akiuliza amfanye nini, sisi ndio tunajibu. Ijumaa Kuu iliyopita nilijipata nikipiga kelele asulubishwe, kabla hata sijafikiria. Niliona haya. Mwaka 2024 niliandamana, nikadai haki ya vijana waliopigwa risasi. Hapa dakika moja ilitosha kunigeuza.

Mwaka 1977 serikali ilifuta leseni ya Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Huu wetu nao unaonyesha dola ikimuua asiye na hatia, ila tumeuzoea hadi hautishi mtu. Mahubiri ndiyo yanaufanya uwe mpole.

Kituo cha tano, askari mmoja, binamu yangu, akanivuta shati nibebe msalaba.

"Wee, mimi siamini haya," nikamnong'onezea.

"Shika huko nyuma, kunateleza."

Nikashika. Kwa Marko, Simoni alikuwa mpita njia tu, akalazimishwa. Hakuna aliyemuuliza kuhusu imani yake.

Wakipunguza mahubiri na kuwapa akina mama maneno, wengi wetu tuliohama tutakuja, hata kama ni siku hiyo moja. Bega langu liliuma hadi Jumatatu.