Jumamosi Moja, Michezo Mitatu: Hesabu ya Triathloni kwa Mwenye Ajira na Familia

Triathloni haikuzaliwa kambini. Tarehe 25 Septemba 1974 klabu ya riadha ya San Diego, Marekani, iliandaa shindano la kukimbia, kuendesha baiskeli na kuogelea huko Mission Bay. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na shindano lilianza jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Miongoni mwa walioingia kwenye mashindano ya aina hiyo miaka ile walikuwemo mume na mke, John na Judy Collins. Mume alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Baadaye, wakiwa wamehamia Hawaii, waliunganisha mashindano matatu ya kisiwa cha Oahu kuwa moja: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima. Februari 18, 1978 walijitokeza watu 15, wakamaliza 12. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Hakuna aliyelipwa hata senti.

Mwenye hamu hiyo leo katika ukanda wetu hana haja ya kufika Hawaii. Agosti 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, ukingoni mwa Ziwa Kivu na jirani kabisa na Goma, uliandaa Ironman 70.3 kwa mara ya kwanza. Hiyo ni nusu ya ile ya Oahu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kukimbia kilomita 21.1. Swali ninalotaka kulichambua ni hili: mtu anayeingia ofisini saa 2 asubuhi, mwenye watoto wa shule na mwenza ambaye naye ana kazi yake, anafikaje mwisho wa njia hiyo akiwa mzima, na nyumba yake ikiwa nzima pia? Wengi hujibu kwamba anajituma sana. Mimi naona anajua zoezi gani likikosekana mwili utadai, na lipi likikosekana mwili hautatambua.

Tuanze na saa ya mwamuzi. Kwa kawaida shindano la 70.3 hufungwa baada ya saa 8 na nusu, na anayeogelea zaidi ya saa 1 na dakika 10 hutolewa kabla hajagusa baiskeli. Chukua mtu wa kawaida. Akiogelea mita 100 kwa dakika 2 na nusu, atatoka majini baada ya dakika 47 na ushei. Baiskeli kwa kilomita 24 kwa saa ni saa 3 na dakika 45. Mpe dakika 10 za kubadili nguo na viatu. Akikimbia kila kilomita kwa dakika 7, nusu marathoni itamchukua karibu saa 2 na nusu. Jumla ni saa 7 na dakika 10 hivi. Hata milima ikishusha kasi ya baiskeli hadi kilomita 20 kwa saa, atamaliza chini ya saa 8.

Sasa angalia faida inakaa wapi. Akipunguza sekunde 20 katika kila mita 100 za kuogelea, jambo ambalo kwa mtu mzima linaweza kumlia miezi, ataokoa dakika 6 na kidogo. Akipandisha baiskeli kutoka kilomita 24 hadi 26 kwa saa ataokoa zaidi ya dakika 17. Baiskeli peke yake ni zaidi ya nusu ya siku nzima ya shindano. Kwa hiyo saa za mazoezi lazima zielekee huko, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia, kwa sababu baiskeli ndiyo inayokula Jumamosi.

Kabla ya Jumamosi, neno kuhusu maji. Kuogelea hakudai saa nyingi, kunadai kurudiwa. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, kwa hiyo anayezamisha miguu na kuinua kichwa anapigana na ukinzani ambao mapafu mazuri hayawezi kuufidia. Kinachomwokoa ni mkao wa mwili, na mkao huo husahaulika upesi. Dakika 40 mara mbili kwa wiki ni bora kuliko saa 1 na dakika 20 siku moja, ingawa jumla ni ileile. Wengi wetu tulijifunza kuogelea ukubwani, au tulijifundisha wenyewe ufukweni, na tuna mitindo ambayo mwalimu wa bwawa angeirekebisha kwa wiki chache. Mlipe mwalimu huyo kabla ya kununua baiskeli ya pili.

Anayeogelea baharini, tuseme Oyster Bay au Msasani jijini Dar es Salaam, ana bosi mwingine. Kujaa na kupwa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya "kila Jumanne alfajiri" haiwezekani. Siku za bamvua maji yakipwa utatembea juu ya mwamba na mwani mpaka uchoke hujaogelea. Mpango wa bahari huandikwa kwa kufuata mwezi, siyo kwa kufuata kalenda ya ofisi, na huandikwa kwa watu wawili, maana kuogelea peke yako bahari wazi alfajiri ni ujinga hata kama unajiamini.

Kiini cha uchambuzi huu kipo kwenye utafiti wa zamani kidogo ambao makocha wanaufahamu na wafanyakazi wengi hawajausikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robert Hickson na wenzake Chicago walichukua vijana wakawafanyisha mazoezi makali ya baiskeli na kukimbia, dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10. Walipokwisha kupanda kiwango, walianza kuwapunguzia. Kundi moja lilibaki na siku 4 tu kwa wiki, jingine siku 2. Kwa wiki 15 zilizofuata uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukushuka. Katika utafiti mwingine siku zilibaki 6 lakini muda ukakatwa hadi dakika 26, na kwa wengine dakika 13. Uwezo wa oksijeni ulibaki vilevile. Ndipo mwaka 1985 wakajaribu kinyume chake: siku na dakika zilibaki, ukali ukapunguzwa. Hapo mwili ulianza kuporomoka.

Kuna kifungu kimoja watu hukiruka. Wale wa dakika 13, pamoja na oksijeni yao nzuri, walipopimwa kwa kazi ndefu ya kuchosha walikuwa wamepungua. Injini ilikuwa palepale. Ustahimilivu ndio ulioondoka. Vikundi vile vilikuwa vidogo na vya vijana, sitaki kuvibebesha zaidi ya uzito wake, lakini maana yake kwa mfanyakazi ni pana: katika wiki mbaya linda mambo mawili, zoezi moja kali na zoezi moja refu. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Na wiki mbaya zipo nyingi. Kuna kufunga hesabu za mwaka, mtoto mwenye malaria, msiba wa upande wa mkwe, na Ramadhani ambayo ni mwezi mzima. Mtu asiyejua hesabu ya Hickson akikosa siku 3 hukata tamaa, au hulipiza deni lote wikendi moja na kuumia goti. Anayejua atafanya Jumatano dakika 30: anapasha mwili moto, anaendesha kwa nguvu dakika 3, anapumzika 2, anarudia mara 5, anakwenda kuoga. Jumamosi anatoka safari ndefu. Wiki imeokoka.

Wiki nzuri kwa mtu wa namna hii inafika saa 8 hivi. Kuogelea kunachukua saa 1 na nusu, baiskeli saa 4, ambazo 3 ni za Jumamosi, na kukimbia saa 2 na dakika 20 katika vipande vitatu. Kimoja cha vipande hivyo huanza papo hapo unaposhuka baiskeli, hata kwa dakika 20, ili miguu izoee ule uzito wa ajabu wa kilomita ya kwanza. Kingine hakihitaji kutafutiwa muda Dar es Salaam wala Nairobi: foleni. Anayekaa kilomita 8 kutoka ofisini akiacha gari siku moja na kukimbia kurudi nyumbani, mara nyingi hufika pamoja na majirani zake waliokaa kwenye viti. Jasho, vumbi na moshi vipo, sikatai. Kimbia barabara za ndani, acha nguo ofisini jana yake.

Jumamosi sasa. Makosa ya wengi ni kujadiliana na mwenza kuhusu saa ya kuondoka. Kuondoka saa 11 alfajiri hakumuumizi mtu, kila mmoja amelala. Kinachoumiza ni kurudi saa 5 badala ya saa 3, kwa sababu ya pancha, au ya chai na wenzako pale Bagamoyo. Ahidi saa ya kurudi na uitimize, hata kama ni kwa kukatisha safari njiani. Jioni kuna kikao cha harusi, Jumapili kuna ibada, na watoto hawana habari na kilomita zako. Ukirudi, mwenza naye apate saa zake zilezile 3, za kulala, za saluni au za kukaa kimya. Bila hiyo mnaishi kwa mkopo.

Hili huwa halisemwi kwenye picha za medali. Saa za mazoezi hutolewa na mtu mwingine: mke au mume, bibi wa watoto, dada wa kazi anayewachemshia uji. Akina Collins walikuwa na bahati kwamba wote wawili waliupenda mchezo. Hata Eliud Kipchoge, ambaye vijana wetu hupenda kuiga ratiba yake, alilitatua suala la familia kwa kukaa kambini Kaptagat siku za wiki na kurudi nyumbani wikendi. Kukimbia ndiyo ajira yake. Kuchukua kilomita zake ukaacha usingizi wake wa mchana ni kuchukua nusu ya dawa, tena nusu chungu.

Usingizi ndio kipimo cha mwisho. Anayeamka saa 10 na nusu alfajiri lazima awe kitandani saa 3 na nusu usiku. Ukiona huwezi, mkato wa kwanza uangukie zoezi jepesi la katikati ya wiki. Baada ya usiku wa mtoto kulia, lala, Hickson amekuruhusu.

Kwa mwenye mtoto mchanga, ushauri wangu ni kuiacha 70.3 mwaka huu. Umbali wa Olimpiki, ule ulioingia michezo ya Sydney mwaka 2000, ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40 na kukimbia 10, na saa 5 za mazoezi kwa wiki zinautosha. Rubavu itangoja mtoto aanze chekechea.