Mnazi na Saa Zake: Namna ya Kuuchagua na Kuunywa, Kutoka Diani Hadi Msambweni

Swali la kwanza la mnunuzi wa mnazi ni la saa. Umeshushwa lini? Mgema anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo, na akiwa muungwana atakutajia na mti wenyewe: ule wa kando ya kisima, au ule ulioinamia bahari upande wa Gazi. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru ushike njia yako.

Kinywaji hiki huzeeka mbio. Kwenye hoteli za Diani utaletewa orodha yenye Champagne ya mwaka maalumu. Kwa kanuni za Ufaransa, hiyo hulala angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa, na wapenzi wake huiweka hata miaka 15 au 20 mpaka ipate harufu ya mkate uliookwa na lozi. Nje ya ukuta wa hoteli hiyo hiyo, minazini, kuna kinywaji kingine chenye povu ambacho huzaliwa, hukomaa na kuchakaa ndani ya siku mbili. Anayeweza kutofautisha mwaka na mwaka kwenye ile Champagne ana kila sababu ya kujifunza kutofautisha saa na saa kwenye mnazi. Ustadi ni ule ule, na sioni kwa nini wa kwetu usiheshimiwe vilevile.

Ili ujue unachokinywa, tazama kinavyopatikana. Mgema hupanda kwa vikanyagio vilivyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni na kibuyu kikining'inia. Kileleni huchagua karara ambalo bado halijapasuka, hulifunga kamba ili maua yasichanue, na kwa siku kadhaa huliinamisha kidogo kidogo. Halafu hukata ncha. Tangu hapo atapanda asubuhi na jioni, wengine hata adhuhuri, akichonga kipande chembamba sana kila mara ili kidonda kibaki kibichi na utomvu usizibe. Hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Anayekata vipande vinene hulimaliza karara kabla ya wakati wake, na mwenye kotama butu huponda badala ya kukata, matone yakapungua. Karara linalogemwa halitazaa nazi. Kila chupa unayoinywa, basi, ni nazi ambazo mwenye shamba amekubali kuzikosa, na ukilijua hilo hutateta sana juu ya bei.

Utomvu unapodondoka una sukari ya kama asilimia 12 hadi 15 na hauna kileo chochote. Haukai hivyo. Hamira za asili zilizoko hewani, kwenye karara na kwenye kibuyu chenyewe, pamoja na bakteria waitwao Zymomonas mobilis, huanza kazi tone likiwa bado linaanguka. Kwa sababu hiyo mgema mzuri huosha kibuyu lakini hakisugui kikabaki kama kipya: masalia kidogo ya jana ndiyo yanayouchachusha wa leo. Mvivu asiyeosha kabisa hulea bakteria wa siki, na mnazi wake huwa na ukali wa kukwaruza hata ukiushika mtini.

Sasa saa zenyewe. Mnazi wa asubuhi umedondoka usiku kucha, kwa hiyo unaposhushwa alfajiri tayari una nguvu kiasi, ingawa utamu bado upo. Wa jioni umekusanywa kwenye joto la mchana. Huchachuka haraka na hauna subira. Chaguo langu ni wa asubuhi, ukinywewa kati ya saa tatu na saa tano. Hapo utamu na uchachu vimelingana na povu liko hai kabisa. Anayependa mkali angoje alasiri. Ukilala hadi kesho yake sukari karibu yote imekwisha, kileo kimefika asilimia 4 au 5, wakati mwingine zaidi, na siki imeanza kubisha hodi. Wapo wazee wanaoupenda hivyo, mkavu na mkali, na siwapingi.

Kawaida mnazi hunywewa kwa mrija wenye kichujio mwishoni, kwa sababu ndani mna vumbi la karara na nyuki waliozama. Usichukizwe na nyuki: hao hufuata utamu, na mnazi ambao hakuna mdudu aliyeutamani nautilia shaka. Lakini kwa kuukagua, mimina kwenye glasi. Ule mchanga kabisa ni mweupe hafifu, mwanga unapenya. Uliokomaa una weupe wa tui la pili, nao unatokana na hamira zenyewe zikielea. Kwenye Champagne hamira hutolewa chupani kabla ya kuuzwa; kwetu hubaki, na ladha nyingi imo humo. Tikisa polepole, kisha tega sikio kwenye shingo ya chupa. Lazima usikie mchemko mdogo usiokatika. Povu liwe dogodogo, lipande, likae.

Nusa kabla ya kuonja. Harufu njema huanza na ua la mnazi, ikafuata hamira, na mwisho uchachu safi kama wa tunda. Harufu ya yai bovu au ya plastiki iliyokaa juani ni sababu tosha ya kurudisha chupa. Kinywani, ladha tatu zifuatane bila kurukana: utamu mbele, uchachu katikati, ukavu kooni.

Maji ndiyo ghushi ya zamani kuliko zote, na methali ya mgema aliyesifiwa inalijua hilo. Mnazi uliotiwa maji hutoa povu linaloanguka upesi, na ladha yake hukatika katikati ya funda, pale uchachu ulipotakiwa kuingia. Uliotiwa sukari ni mgumu zaidi kuugundua. Dalili ni utamu unaonata midomoni ilhali harufu ni ya mnazi uliokwisha zeeka: pua na ulimi havikubaliani juu ya umri. Wakati wa masika jihadhari zaidi, kwani mvua yenyewe huingia kibuyuni pasipo mtu kudanganya. Kiangazi cha kaskazi matone ni machache lakini mazito, na mnazi wangu bora nimeunywa majira hayo.

Ununue karibu na mti. Kutoka Msambweni au Milalani, safari ya nusu saa juani inatosha kuubadilisha. Ukilazimika kuusafirisha, usikaze kifuniko hata kidogo. Gesi haina pa kwenda na chupa hupasuka. Legeza, au ziba kwa nyuzi za mnazi.

Kunywa kwa adabu pia ni sehemu ya kuujua. Wadigo wengi ni Waislamu, na chupa haipitishwi mbele ya barza za watu, Ramadhani ndiyo kabisa. Kwa upande mwingine, miongoni mwa Wamijikenda mnazi hupelekwa kwenye posa na mahari, na wazee humwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, roho za wahenga. Ukikaribishwa na mzee akamwaga kwanza, ngoja amalize ndipo ushike mrija wako.

Cha kula nacho? Pweza wa kuchoma mwenye ndimu na pilipili, au muhogo wa kukaanga. Vyakula vitamu viache.

Ukibaki usiutupe. Uhamishie kwenye chupa ya kioo, funika mdomo kwa kitambaa chepesi ili hewa iingie, uweke kivulini. Baada ya wiki kadhaa utakuwa na siki ya mnazi, laini kuliko ya dukani. Ichuje mara mbili, na embe mbichi zikianza kuanguka, tengenezea achari.